Miji ya viungani haikuletwa na gari
Wengi huamini kwamba miji ya viungani, ile inayokua kandokando ya jiji kubwa, ni zao la gari la binafsi. Tarehe zinakataa. Mji wa Riverside, karibu na Chicago nchini Marekani, ulichorwa na wasanifu wa mandhari Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1869, karibu miaka 40 kabla ya kampuni ya Ford kutoa gari la Model T mwaka 1908. Reli ndiyo iliyouwezesha: mtu alifanya kazi jijini, jioni akarudi kwenye nyumba yenye miti. Ndiyo maana miji mikongwe ya aina hii mara nyingi ina maduka yaliyosongamana karibu na stesheni. Gari lilikuja baadaye likajaza mapengo kati ya njia za reli, na hilo, kwa kweli, si jambo dogo.