Kranberi Haitibu UTI

Mteja anaingia duka la dawa ameshika ubavu, homa juu, baridi inamtetemesha, halafu ananiomba "zile kranberi za UTI", yaani vitunda vyekundu vichachu ambavyo watu huamini hutibu maambukizi ya njia ya mkojo. Nimechoka na ombi hili. Dalili hizo zina maana kwamba bakteria huenda wameshapanda hadi kwenye figo, na hakuna juisi ya kuwashusha. Huyo ni wa hospitali, leo hii, si kesho.

Kranberi asili yake ni Amerika Kaskazini, kwenye majimaji yenye udongo wa tindikali. Ni jamii ya Ericaceae, ukoo mmoja na ile miti ya erika unayoipita ukipanda Kilimanjaro kuelekea Horombo. Wenyeji wa kule waliila na kuitumia kama dawa tangu zamani. Baadaye ikaenea imani kwamba inautia mkojo ukali wa kuua bakteria. Kwa kiasi anachoweza kunywa binadamu, haifiki huko. Kinachosaidia ni kemikali za tunda hilo ziitwazo proanthosayanidini za aina A, ambazo humfanya E. koli, bakteria anayesababisha UTI nyingi, ashindwe kunata kwenye ukuta wa kibofu. Aliyekwisha kunata na kuzaliana ni kazi ya antibaiotiki.

Kwa hiyo kranberi ni kinga, tena si kwa kila mtu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yalionyesha inapunguza kurudi kwa UTI kwa wanawake wanaougua mara kwa mara na kwa watoto. Kwa wajawazito na wazee wanaoishi kwenye vituo vya kulelea, faida haikuonekana. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni miligramu 36 za proanthosayanidini kwa siku; juisi ya boksi mara nyingi ni maji na sukari, na mwenye kisukari ndiye anayeniomba mbili!

Unaambiwa una "UTI sugu"? Otesha mkojo maabara, ijulikane ni bakteria gani, kabla ya kumeza chochote: mkojo wa katikati (ule wa mwanzo umwage), kichupa cha maabara, si chupa ya soda iliyosuuzwa. Wengi wa hao "sugu" waliacha dozi siku ya tatu, au hawakuwa na UTI kabisa.

"Rosela si ndiyo hiyohiyo, mbona nyekundu?" Hapana. Rosela ni ndugu wa bamia.

"Za asili hazina madhara." Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aniambie kabla hajagusa kranberi, maana kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Halafu kuna majani ya mmea wa uva-ursi, wa ukoo uleule wa kranberi, ambayo Ulaya hutumika kwa kibofu tangu enzi. Kemikali yake iitwayo arbutini mwilini huzaa haidrokwinoni, ileile inayopigwa vita kwenye mkorogo. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya wanasema isizidi wiki moja, na mjamzito asiiguse.