Mauzo ya Plaiwudi: Kwa Nini Indonesia na Malaysia Zilipishana

Nikiletewa grafu inayolinganisha mauzo ya nje ya bodi za mbao, kama plaiwudi na MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), ya nchi mbili, kwanza huangalia mstari unaanzia mwaka gani. Ukianza na 1980, Indonesia inapaa. Ukianza na 1993, nchi hiyohiyo inaporomoka, ilhali takwimu zote ni za kweli.

Kilichoiinua Indonesia ni sera ya magogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliongoza duniani kwa kuuza magogo ya misitu ya tropiki, lakini kuanzia 1980 serikali ilibana biashara hiyo hatua kwa hatua hadi ikaipiga marufuku kabisa mwaka 1985. Mnunuzi wa Japani aliyezoea kupakia magogo ya Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, ilimbidi sasa anunue plaiwudi, na bei na masoko yake vilisimamiwa na chama cha wazalishaji, Apkindo, chini ya mfanyabiashara Bob Hasan. Mwaka 1990 Indonesia ilisafirisha zaidi ya mita za ujazo milioni 8. Malaysia haikufikisha hata robo ya kiasi hicho.

Malaysia ilifuata njia hiyo kwa vipande. Malaysia ya rasi ilizuia magogo yake mwaka 1985 na Sabah, jimbo lake lililoko Borneo, mwaka 1993, huku Sarawak, jimbo jirani, ikiendelea kuyauza kwa viwango maalumu na papo hapo ikijenga viwanda. Indonesia nayo iliyumba: Rais Suharto alipoanguka mwaka 1998, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yameivunja nguvu Apkindo, magogo yakaruhusiwa kutoka tena hadi Oktoba 2001, na miti minene ikazidi kuadimika. Katikati ya miaka ya 2000 Malaysia ikaipita.

Unene wa mti ndio unaoamua mengi hapa. Kiwandani gogo huzungushwa dhidi ya kisu kirefu kinacholimenya, likatoa vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, kama utepe mpana. Vinia hizo hupangwa kwa idadi ya witiri, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na za tabaka linalofuata, kisha hugandishwa kwa gundi na joto. Mashine iliyoundwa kwa meranti, mti mnene wa msituni, haiwezi kumenya vizuri gogo jembamba. Viwanda vya kisiwa cha Java, Indonesia, vilivyonunua mashine ndogo viligeukia sengon, mti wa wakulima unaovunwa baada ya miaka 5 hadi 7, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoirudisha Indonesia mbele kuliko sera yoyote ya karibuni. Sarawak iliyotegemea msitu wa asili ilibanwa zaidi mwaka 2017, ada ya gogo ilipopandishwa kutoka ringgit 0.80 hadi 50 kwa mita ya ujazo.

Jumla ya "bodi za mbao" huficha haya yote. Malaysia huuza pia MDF nyingi inayotengenezwa kwa miti ya mpira iliyozeeka mashambani, kwa hiyo anguko lake katika plaiwudi hupungua makali ukijumlisha bidhaa zote. Thamani kwa dola nayo hupotosha: mwaka 1993 bei zilipanda ghafla, na mapato yakaongezeka hata kwa aliyeuza kiasi kilekile.

Ndiyo maana mimi huchora plaiwudi na MDF kando kando kwa mita za ujazo, nikaweka alama kwenye miaka 1985, 1993, 1998 na 2001, na dola nikazipa grafu yake.