Uchungu Usioonekana: Mila, Wanaume na Uamuzi wa Mahakama Kuu Kuhusu Kifungu cha 226

Tangu Mahakama Kuu jijini Nairobi iamue, tarehe 9 Januari 2025, kwamba kujaribu kujiua kusihesabiwe tena kuwa kosa la jinai, sisi tunaohudumu katika afya ya akili tumepokea maswali na malalamiko ya aina mbili. Wako wanaodhani Jaji Lawrence Mugambi ameruhusu watu kujiua. Wako pia wanaoendelea kumficha mgonjwa nyumbani kwa kuhofia polisi, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi. Wote wamekosea. Kwa kuwa Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, huleta mikutano mingi ya hadhara, ni vyema jambo hili lielezwe kabla watu hawajakutana huko na kupotoshana.

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kwa kuwa hakikutaja adhabu, kilichotumika ni kifungu cha 36: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Jaji alikiona kinakiuka ibara za 27, 28 na 43 za Katiba, yaani usawa bila ubaguzi, utu wa mtu na haki ya afya. Miongoni mwa waliofungua kesi ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Kifungu cha 225 hakikuguswa: anayemshawishi mwenzake hadi akajiua, au akamsaidia kufanya hivyo, anaweza kufungwa maisha. Tunalirudia hili kwa sababu barazani bado tunaambiwa "siku hizi ni ruhusa." Hakuna ruhusa yoyote iliyotolewa. Mtu aliyefikia hapo ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Hata hivyo, mgonjwa wetu huwa amehukumiwa mapema zaidi, na waliomhukumu hawakusoma sheria. Ni sisi wenyewe, kwa malezi yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya cha wanawake. Lakini angalia foleni ya kliniki yoyote ya ushauri: waliokaa kwenye benchi wengi ni akina mama. Wanaume wako wapi? Wako kliniki ya kawaida, wanalalamikia mgongo.

Mfano tunaokutana nao mara kwa mara ni huu. Fundi wa mawe wa miaka hamsini na kitu anafika zahanati kwa mara ya tatu. Kichwa kinamgonga, usingizi hauji, chakula hakina ladha, moyo unaenda mbio. Presha inapimwa, iko sawa. Anapewa dawa za maumivu anarudi kwake. Siku muuguzi atakapofunga mlango na kuuliza, "Mzee, nyumbani kumepita nini?", atajibu kwanza kwamba hakuna neno. Atavua kofia aiweke gotini, aizungushe kwa vidole. Kisha atasema kwamba alimzika kijana wake mwezi wa nne, na kwamba pale kaburini, machozi yalipoanza kumtoka, kaka zake walimshika bega wakamwambia, "Jikaze, wewe ndiye mwanamume wa hii boma." Akajikaza. Bado amejikaza hadi leo.

Mzee huyu hadanganyi anaposema ni kichwa, maana kichwa kinamuuma kweli. Mapema miaka ya 1980, Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa jimboni Hunan, China, waliokuwa wakitibiwa kwa uchovu wa neva, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Wengi wao walikuwa na dalili zote za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Katika mazingira yao, mwili uliochoka ulikuwa jambo la kusemeka mbele za watu, lakini huzuni haikusemeka. Hapa kwetu ni vivyo hivyo, na mhudumu asiyelijua hilo atamrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na vidonge visivyomsaidia.

Mila huamua mengi: nani alie, alie vipi, kwa siku ngapi, mbele ya nani. Msiba wa Waluo una vilio vya sauti kuu na nyimbo za maombolezo, na mzee mwenye heshima anapofariki, tero buru, ambapo ng'ombe huswagwa ili kukifukuza kifo. Msiba wa Waislamu wa Pwani ni wa sauti ya chini: maiti huzikwa haraka, wanaume hukaa mkekani nje, khitma husomwa, na kuomboleza kwa mayowe hukatazwa. Familia hizi mbili zinapokutana nje ya mochari moja, hii huiona ile haina huruma, na ile huiona hii inaigiza. Hata wahudumu wetu, tukubali, wameshawahi kuandika kwamba ndugu wa marehemu "hawakuonyesha hisia." Walizionyesha kwa namna waliyofundishwa.

Kuna jambo moja katika misiba ya Pwani linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Akina mama humzunguka, kila mtu anajua kwamba yuko katika huzuni, na hata atakayemkuta amenyamaza hamshangai. Mwenzake aliyefiwa na mke hana kipindi kama hicho. Matanga yakishaanuliwa anarudi kazini, na jioni anakuta nyumba na watoto vinamsubiri. Miezi miwili baadaye anaanza kuwa mkali, anagombana na wanawe, anachelewa kurudi, pengine anakunywa, na kesi yake inafika kwa chifu ikiwa ni utovu wa nidhamu. Anakemewa kwa ajili ya hasira zake, na ule msiba hakuna anayeuulizia. Machifu na wazee wa mitaa, tunawaomba kwa heshima: mwanamume aliyebadilika tabia ndani ya mwaka mmoja wa msiba, aulizwe kwanza kabla ya kukaripiwa.

Kinachotuuma zaidi ni mazishi ya waliojiua. Katika baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, marehemu wa namna hiyo amekuwa akizikwa usiku, upesi, bila maombolezo. Tunaelewa hofu iliyo nyuma ya desturi hiyo na hatutaki kuitukana. Lakini watoto wanaobaki huzuiwa kumlilia baba yao, wakakatazwa hata kumtaja. Huzuni ya mtoto haizikwi kwa kuharakisha jeneza, na aliyefiwa hivyo naye anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Waacheni walie.

Utamaduni wenyewe unaweza pia kuponya. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafunza akina bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza nao kwa lugha yao ya kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia kwa bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hadi Malawi na Zanzibar. Bibi na babu tunao, na heshima yao ipo. Wafunzwe.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza muda. Mtu aliyejaribu kujiua apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja. Msianzie kituo cha polisi kutafuta nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na msisubiri barua ya rufaa. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na chini ya Sheria ya Afya ya 2017, hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Mwambieni daktari ukweli. Kila anapoambiwa "alikula kitu kibaya" au "aliteleza," anatibu kidonda na kumwachia mgonjwa maradhi.

Kwa yule ambaye hali haijafika huko, aanzie zahanati au kituo cha afya cha kwao. Hakuna haja ya kupanda basi hadi Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, kabla ya kuonwa kwenu. Kule ni rufaa. Aje na kitambulisho, na kama hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, apige *147#. Akifika aseme wazi kwamba hapati usingizi na hajisikii kuishi. Asipoweza kusema, aje na mtu atakayemsemea. Na usiku, zahanati ikiwa imefungwa, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo, na anayeipokea hatauliza kwa nini mwanamume analia.