Baraza la Sanaa na Vijana wa Dar es Salaam: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, kazi yake ni kufungia nyimbo. Habari za kufungia ndizo zinazovuma, hilo halina ubishi. Lakini Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliyoliunda inalitaka pia likuze sanaa, lifanye utafiti, litoe ushauri wa kitaalamu na kuandaa mafunzo, maonyesho na matamasha. Kijana anayelikwepa hujinyima huduma ambazo ana haki ya kuziomba.

Wapo pia wanaotafuta baraza la sanaa la mkoa. Kwa kikundi cha mtaani, mlango wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri yake, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni.

Penye upotoshaji mwingi ni kwenye fedha. Husemwa kwamba mikopo ya halmashauri ni ya mama lishe, wafuga kuku na bodaboda, wasanii hawahusiki. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ngoma kinachokodiwa harusini nacho kinafanya biashara, ila mara nyingi hakina makaratasi ya kuthibitisha hivyo. Jioni moja huko Temeke nilikaa na vijana waliokuwa wakipasha ngoma kwa moto wa maboksi. Mikono yao ilikuwa hodari ajabu, lakini katiba yao ilikuwa nusu ukurasa wa daftari, na jina la mweka hazina lilikuwa limekatwa mara mbili. Hakuna ofisi itakayowakopesha kwa ukurasa ule. Tena ni mkopo, si sadaka: hurejeshwa, jambo ambalo baadhi ya vikundi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kununua spika.

Mwisho, kusajiliwa BASATA si kusajili hakimiliki. Hakimiliki huanza pale kazi inapobuniwa, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, huisajili ili mwenyewe awe na ushahidi akidhulumiwa. Kwa hiyo ile rekodi ya kwanza ya wimbo, yenye tarehe yake, isifutwe kwenye simu kwa kutafuta nafasi ya picha.