Haikushuka, ilizaliwa hapo hapo

"Dokta, kumbe ile saratani ya ulimi imeshuka kooni." Wiki hii nimeisikia mara tatu, na ya tatu imetoka kwa daktari mwenzangu. Ndiyo maana naandika.

Mzee alitolewa uvimbe wa ulimi miaka minne iliyopita. Kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, tezi za shingo safi. Sasa ugali unamkwama, na kamera imeona uvimbe katikati ya umio. Skwamasi ya ulimi, yaani saratani ya seli bapa za utando wake, ikisambaa hukimbilia tezi za shingo, kisha mapafu. Haiteremki na mate. Hii ya umio ni mpya, imezaliwa hapo hapo.

Nenda Kigamboni ukatazame bati lililopigwa chumvi ya bahari miaka 20. Unaziba tundu hapa, mwezi ujao linatoboka kule. Kuna anayesema tundu limehama? Mwaka 1953 mtafiti Slaughter na wenzake walipima nyama iliyozunguka uvimbe wa mdomo wakakuta seli zimeharibika hata palipoonekana pazima. Sigara na gongo hupita kote: mdomo, zoloto (kisanduku cha sauti), umio. Moshi unaendelea hadi mapafuni. Sigara na gongo vikikutana, madhara yake hayajumlishwi, yanazidishwa. (Saratani ya tonsi iliyoletwa na kirusi cha HPV kwa asiyevuta ina tabia yake, tuiache.)

Mnaniona nabishania neno tu. Ndugu akisikia "imesambaa" anaanza kulaumu kisu, eti kiliichokoza, na mgonjwa mwingine anakataa upasuaji. Mbaya zaidi, daktari akiandika "metastasi" (saratani iliyosambaa kutoka kwingine) bila kukata kipande cha nyama cha kupima, mtu anapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani, wakati huenda hiyo ya pili ni changa na inatibika.

Masharti ya kuiita saratani ya pili yapo tangu 1932, ya madaktari Warren na Gates: kila uvimbe uwe saratani kweli, usimame peke yake, na usiwe metastasi ya mwenzake. Hilo la tatu ndilo linalotutoa jasho. Doa moja pafuni, skwamasi vilevile: chini ya hadubini, iliyozaliwa pafuni na iliyotoka ulimini zinafanana kama punje za mchele. Ikiota tena mdomoni, wengine wanahesabu miaka 3, wengine 5, ndipo waiite mpya. Kikaoni tunabishana mpaka chai inapoa, na kuna siku tunakisia tu.

Binti wa mzee akaniuliza, "Kwa hiyo baba ana mbili?"

Nikamwambia ana moja. Ile ya ulimi tuliitoa.