Tembo waliofutika: chapa na matundu kwenye ngozi

Meneja wa hoteli moja ya watalii aliniagiza vishikizo vya funguo 200 vyenye picha ya tembo. Nikavipiga chapa hapa karakanani kwangu, mtaa wa Unga Limited, Arusha, vikatoka safi, masikio yamesimama. Wiki tatu baadaye akapiga simu: "Fundi, tembo wako wamekonda." Nilipokwenda kuona, nikakuta vimebaki vivuli.

Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilitumia ngozi ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu, ile laini ya majaketi na mabegi. Ngozi ni msongamano wa nyuzi. Ukiikandamiza nyuzi zinalala, ila za kromu zina tabia ya mpira, taratibu zinainuka tena. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kwa mfano ya miti ya miwati kama ile inayopandwa Njombe, ikishabanwa hutulia hapohapo miaka na miaka.

Kinachowachanganya vijana ninaowafundisha ni kwamba kwenye joto mambo yanageuka. Ngozi ya kromu iliyosindikwa vizuri unaweza kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka isijikunje. Ya magome ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye nyuzijoto 70 hadi 85 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana nina njia mbili na sizichanganyi: ama nailowesha kidogo, nangoja rangi yake ianze kurudi, naipiga chapa baridi; ama naiacha kavu na kupasha chapa hadi nyuzijoto 100 hivi. Ngozi iliyolowa maji chini ya chapa ya moto hutoka kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Chapa yenyewe ni ya shaba, imechongwa kinyume, kama maandishi unayoyaona kwenye kioo. Presi yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, na hapo ndipo wateja wanaponiona mlafi. Mtu anatoka kwenye nembo ya sentimita 2 kwa 2, anataka 4 kwa 4, halafu anashangaa bei. Upande umeongezeka mara mbili, lakini eneo limekuwa mara nne. Nguvu ileile ikitandazwa hapo, mchoro unatoka hafifu.

Karatasi ina taratibu zake. Inataka chapa mbili, dume na jike, yenyewe ikae katikati. Ule muhuri usio na wino unaoupapasa kwa kidole kwenye vyeti hutengenezwa hivyo.

Sasa kutoboa. Chapa haiondoi kitu, inasukuma tu; panchi inakata na kutoa. Ni bomba lenye makali mdomoni, na kile kipande kinachokatwa hupanda ndani yake. Chini weka ubao au plastiki ngumu, la sivyo makali yanakwisha siku hiyohiyo. Tafadhali usitoboe mkanda kwa msumari! Msumari unatenganisha nyuzi bila kuzikata, tundu linajibana na baadaye linachanika. Mkanda wangu una matundu 5, umbali wa milimita 25, na kiuno cha mteja kinaangukia tundu la katikati ili akinenepa au akipungua asirudi kwangu analalamika. Tundu refu la bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, nalimalizia kwa mviringo pande zote mbili, kwa sababu mpasuko hupenda kuanzia kwenye kona.

Vile vishikizo nilivirudia vyote 200, kwa hasara yangu. Vya zamani bado ninavyo kwenye boksi: tembo hawaonekani kabisa, lakini matundu ya pete yako vilevile kama siku niliyoyatoboa.