Bila gari Lubumbashi: Golf si jibu

"Papa, nitafutie aneksi, kijumba cha uani, kule mtaa wa Golf. Kuna miti, kumetulia, nitakuwa natembea kwa miguu." Safari hii ni binti anayeigiza tamthilia, hana gari wala hataki. Mimi komisionere, ninayewatafutia watu nyumba za kupanga, nimeisikia hiyo hadi naweka kalamu chini.

Mtaa uliotulia si lazima uwe mtaa wa kutembea. Golf ni ya wenye gari. Ukuta, geti, ukuta tena. Unakwenda robo saa hujaona hata mama anayeuza mkate. Saa tatu usiku, ukitoka kwenye onyesho mjini, utulivu ule ule uliousifia ndio unaokutisha. Taksibus zimepungua, manseba, yule wa pikipiki, anajua huna njia nyingine, anakutajia bei aipendayo. Jumlisha nauli hizo na kodi ya aneksi, kisha uniambie umeokoa nini.

Sasa njoo mtaa wa Kamalondo. Wakoloni waliianzisha miaka ya 1920 iwe site, yaani makazi ya wafanyakazi weusi, wakaitenga na mji wa wazungu kwa ukanda mtupu. Nia ilikuwa chafu. Ila watu wale walikwenda kazini kwa miguu, na site ikabaki na umbo hilo: avenyu zilizonyooka, parsela, yaani viwanja vya nyumba, ndogo, milango inatazamana. Unga, sabuni, fundi viatu, bia, gitaa, vyote hatua chache, na mji uko pale. Uwanja wa timu ya soka ya TP Mazembe uko humo humo. Kelele zipo, sikufichi. Siku ya mechi usingizi wa mchana usahau. Anayetaka sanaa pamoja na ukimya wa makaburini, nyumba hiyo sina.

Na acheni kunionyesha ramani ya simu! Kabla hujatoa hata faranga moja, tembea kutoka mlango wa nyumba hadi kwenye maonyesho ya mjini, Halle de l'Étoile au Makumbusho, mara moja mchana, mara moja usiku. Ukiweza, subiri mvua. Wanaotafuta nyumba Julai, kwenye vumbi, hawajui kwamba Januari avenyu ile ile itawavua viatu.

Wengine wanasema sanaa iko mjini tu. Kwa mtazamaji, karibu ni kweli, hasa wakati wa Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iliyoanzishwa na chama cha wasanii kiitwacho Picha mwaka 2008. Lakini mazoezi, ngoma na wachoraji wengi utawakuta ndani ya parsela za mitaa ya hapa hapa, Kenya na Katuba. Mwanamuziki akae karibu na wenzake wa mazoezi, si karibu na jukwaa analopanda mara mbili kwa mwaka.

Utaniambia mtaa wa Ruashi ni wa bei rahisi na taksibus zipo? Zipo asubuhi. Onyesho linakwisha usiku.

Na ile ya "garanti (amana ya mpangaji) miezi sita ndiyo sheria": sheria ya 2015 inaweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wanadai zaidi, watu wanalipa, najua. Ila msiite sheria.

Yule binti alitembea Jumanne usiku, kutoka mjini hadi Kamalondo. Amenipigia asubuhi: anaitaka avenyu ile, ila nimsogeze nyumba tatu kutoka kwenye baa.